Jenerali wa Shamba la Miwati

Bado naikumbuka harufu ya magome mabichi ya miwati, miti ya dawa ya kulainishia ngozi, mwanangu, kwenye shamba moja nje kidogo ya Njombe, enzi za Mwingereza. Nilikuwa kijana, nimesoma kuliko wenzangu, ndiyo maana nikapewa unyapara. Wakati wa mapumziko tulikoka moto, tukachoma viazi, nami nikawasomea gazeti. Sijapata tena kusikilizwa vile.

Siku moja niliwasomea habari za jenerali wa Kijerumani. Aliingia jeshini angali kijana, akapanda cheo hadi cheo, akaongoza maelfu vitani. Vita vilipokwisha alishtakiwa kwa kuwapa askari wake amri ya kuua mateka. Alijitetea kwamba amri ilitoka juu, yeye aliifikisha tu. Mahakama ikamtia hatiani.

"Mtu mzima na nishani zake," nikasema, "anajitetea kama mtoto aliyetumwa chumvi." Watu wakacheka.

Mzee Mgaya wa Makambako hakucheka. Alikuwa ametoka hospitali ya Ilembula juzi tu, kifua bado kinamkoroma. Kabla ya hapo, siku ya mvua kubwa, aliniomba akalale kambini kwa sababu ya homa. Lakini magome hubanduka vizuri mti ukiwa umeshiba maji, na mwenye shamba alikuwa ameagiza asitoke mtu. Nikamrudisha kazini. Jioni alibebwa kwa machela.

Sasa alinitazama ng'ambo ya moto. "Kamwene, jenerali," akaniamkia kwa Kibena chetu. Watu wakacheka tena. Kisha akauliza taratibu, "Siku ile ya mvua, mwanangu, wewe ulitumwa na nani?"

Nilikunja gazeti. Ningeweza kumwomba radhi palepale, lakini niliona haya mbele ya watu niliowasimamia. Nikapiga filimbi ya kurudi kazini.

Kipupwe kilipoingia nilikwenda kwake Makambako na blanketi jipya. Mkewe alinipa uji kwanza, ndipo akanionyesha kaburi. Blanketi lile ninalo hadi leo, halijamfunika mtu.

Mwanangu, utapewa cheo, na amri zitapita mikononi mwako. Kabla hujaifikisha amri yoyote, mtazame usoni yule itakayemwangukia. Na ukishamuumiza, usiseme ulitumwa. Mwombe radhi siku hiyohiyo, angali anakusikia. Mungu akupe cheo kisichokuziba macho, na akujalie uzee usio na blanketi kama langu.