Muhuri wa Upande wa Kulia

Kwenye gulio la bunduki kuukuu, ndani ya ukumbi mmoja mashariki mwa Texas, Delbert Scoggins alikuwa na meza yake, na hakuna aliyethubutu kuikalia hata alipokwenda msalani. Hakuuza kitu cha maana. Watu walimletea bunduki za vita vya zamani, naye akazilaza juu ya taulo, akavaa miwani, akasoma kitako. Kitako cha mbao kina maneno yake kwa anayejua kusoma. Vita vilipokwisha, jeshi lilizirudisha bunduki karakana, zikafunguliwa, vyuma vikachanganywa, zikafungwa upya, na mkaguzi wa mwisho akagonga muhuri wake mdogo kwenye mbao kusema hii imepita. Wajanja nao hugonga mihuri ya uongo ili bunduki ionekane ya thamani. Kuutenga uongo na ukweli ndiko kulikompa Delbert heshima, na heshima, tuseme kweli, ilikuwa imempanda kichwani.

Mtu akianza tu, "Babu yangu alikuwa nayo huko Korea," Delbert alimkatiza kwa kuinua kiganja. "Soma mbao, usisikilize hadithi." Neno hilo lilizoeleka hata Hollis, jirani yake wa meza, mtu wa mizaha isiyokwisha, akalichapisha kwenye kofia yake.

Vuli iliyopita Royce Tidwell alileta bunduki ya baba yake. Royce na Delbert walikuwa wakisali kanisa moja na kuvua kambare pamoja tangu ujana. Mzee Tidwell, baba yake Royce, alikuwa mkaguzi wa karakana ya jeshi. Baadaye serikali ilipoanza kuwauzia raia bunduki za ziada, mzee aliagiza moja, akafungua sanduku pale jikoni, na kwenye kitako akakuta muhuri wake mwenyewe, alioupiga kwa mkono wake. Alilia mbele ya mkewe na watoto. Royce alikua na hadithi hiyo. Mzee alikuwa amezikwa kiangazi, na Royce alitaka tu rafiki yake ausome ule muhuri mbele za watu, basi.

"Delbert, ndugu yangu, baba aliniambia kwamba..."

"Soma mbao, Royce."

Akaigeuza bunduki. Muhuri ulikuwa upande wa kulia, na kona moja ya fremu yake, ule mstari unaouzunguka, ilikuwa imemeguka. Maisha yake yote Delbert hakuwahi kuona muhuri wa karakana ile ila upande wa kushoto.

"Huu ni wa kughushi," akasema, kwa sauti ya kufika meza ya tano. "Tena aliyeughushi mvivu. Hata upande hakuujua!"

"Mzee alikuwa anakubembeleza ulale kwa hadithi, Royce!" Hollis akadakia, na watu wakacheka. Royce naye akacheka, akaifunika bunduki yake blanketi, akaondoka.

Majira ya baridi Delbert alinunua sanduku la vitako vya akiba. Kimoja kilikuwa bado kimefungwa karatasi ya nta ya jeshi, hakijaguswa na mtu tangu kitoke karakana. Akakifungua kwenye banda lake, akafuta grisi, na pale upande wa kulia akauona muhuri. Fremu ile ile, kona ile ile iliyomeguka. Akaketi juu ya ndoo.

Mkewe Nadine alimkuta hapo. "Vipi, umeona nyoka?"

"Nimeona muhuri. Wa kweli. Nadine, nilimwita mzee Tidwell mwongo."

"Tena marehemu. Na mbele za watu." Nadine hakuwa mwanamke wa kupaka mafuta maneno. "Basi nenda leo."

Hakwenda leo, wala kesho. Kanisani alikaa nyuma ya Royce, akaitazama shingo yake wimbo hadi wimbo, na hakuimba. Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, na cha Delbert sasa hakikupata hata usingizi. Mwisho alikibeba kile kitako kwenye gari, akaenda.

Royce alikuwa gereji. Akammiminia kahawa.

"Baba yako," Delbert akaanza, "alifanya kazi kwa mkono gani?"

"Mzee wangu alikuwa mashoto. Shuleni walimchapa mpaka wakachoka. Kwa nini?"

Hapo ndipo Delbert alipoelewa. Mtu wa mashoto huilaza bunduki kinyume na wenzake, na muhuri wake huangukia upande wa pili. Kumbe angemwacha rafiki yake amalize sentensi moja tu! Akaweka kitako mezani, akaeleza yote, bila kujitetea. Royce akaupapasa muhuri kwa kidole gumba, muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akarudi na bunduki ya baba yake.

Upande wa kulia uling'aa kama meza mpya. Haukuwa na alama yoyote.

"Niliupiga msasa jioni ile ile," Royce akasema. "Niliona aibu kuweka uongo wa baba nyumbani mwangu."

"Royce, nisamehe. Ni kosa langu."

"Wewe ulikosea muhuri. Mimi niliacha neno la baba nikashika lako. Baba, mtu ambaye hakunidanganya hata urefu wa samaki, Delbert! Nani mwingine kule mtoni hadanganyi urefu wa samaki?"

Delbert akamsogezea kile kitako. "Chukua. Huu ni mkono wake."

"Kaa nacho wewe. Uwe unakitazama." Royce akakirudisha. "Na kama unataka msamaha, kaseme pale uliposema. Kwa sauti ile ile."

Gulio lililofuata Delbert alipanda juu ya kiti. Akasema alikosea, mzee Tidwell alisema kweli, muhuri ulikuwa wake. Akainua kile kitako cha sandukuni wakione. Royce alisimama kando na bunduki yake, kofia mkononi.

Hollis akaipokea ile bunduki, akaigeuza, akapitisha kiganja kwenye mbao laini. Hakuwa na ubaya, jamani, ni mazoea tu.

"Hicho chako kina muhuri, sawa," akasema. "Wa hii uko wapi?"

"Ulikuwapo. Niliuona kwa macho yangu."

Hollis akaigonga kofia yake kwa kidole, pale penye maandishi. "Soma mbao, mwalimu. Usisikilize hadithi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Safari hii Royce hakucheka. Delbert akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba mzee alisema kweli, lakini watu walikwisha kugeukia meza nyingine, na Royce alikuwa anaifunika bunduki ya baba yake blanketi.