Penseli ya Karani wa Zamu

Karani wetu wa zamu huandika majina ya madaktari kwa penseli, na kifutio chake sasa kimebaki kama punje ya harage. Daktari anayehamia Austria humfuta taratibu, kisha hukusanya vumbi la kifutio kiganjani kama makombo ya mkate. Kando ya kila jina ameandika siku ya mtakatifu wa ukoo wa daktari huyo, kwa sababu Mserbia asiyekaa mezani kwao siku hiyo ni kama hana kwao.

Novemba hii mkuu wa upasuaji alimpangia Daktari Ljubinka zamu siku ya mtakatifu wa ukoo wake, mwaka wa tatu mfululizo. Ljubinka akaleta barua ya kuacha kazi. Karani aliifungia kwenye droo, akapanda ngazi hadi kwa mkuu huku akihema. Mimi nilikuwa napiga deki mlangoni, nikasikia yote.

"Siku hiyo zamu utakaa wewe," karani alimwambia.

"Mimi? Mama, mimi ndiye mkuu hapa!"

"Ndiyo maana. Huyu akiondoka, utakaa kila siku mpaka tukuzike."

Siku ilipofika, mkuu akakaa zamu.

Kesho yake Ljubinka alimletea karani sahani ya ngano tamu ya sikukuu, imefunikwa kitambaa. "Mama yangu kasema umalize yote, shangazi."

"Na ile barua?"

"Barua gani?"

Karani alikula vijiko viwili. Kisha akavuta ratiba ya Januari, akafika kwenye nafasi ya jina la Ljubinka, akaweka penseli kando, akaniuliza kama nina kalamu ya wino.