Makofi ya Jikoni kwa Eduviges

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, mji wetu mzima ulianza kulala njaa, isipokuwa jirani yangu Eduviges. Au ndivyo nilivyodhani. Kila alfajiri nilimsikia ng'ambo ya ukuta akipigapiga chapati za mahindi viganjani, pa-pa-pa. Nilichukia! Waume zetu walifukuzwa kazi siku ileile. Yeye unga anaupata wapi? Ili asijue nimeshindwa, nami nikawa napiga makofi jikoni kwangu, mikono mitupu, kwa nguvu kumshinda yeye.

Asubuhi moja hasira zikanipanda, nikaingia kwake bila hodi. Nikamkuta amesimama mbele ya jiko baridi, mikono mikavu, anapiga makofi.

"Wewe!" nikamwambia. "Siku zote hizi unanichoma roho kwa hewa tupu?"

"Na chapati zako mbona hazinukii?" akanijibu. "Nikadhani pua yangu imeharibika."

"Zitanukiaje, shoga, na hazipo?"

Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni. Kisha akafuta machozi, akaniuliza taratibu nina nini nyumbani. Nilikuwa na kuni alizookota mume wangu mlimani, basi. Yeye alikuwa na bakuli la unga, ila hana hata kijiti cha kuwashia moto.

Chapati ya kwanza ilikuwa haijageuzwa mlango ulipogongwa. Alikuwa Tránsito, yule mwenye maringo wa nyumba ya tatu, macho chini.

"Jamani," akasema, "hata mimi viganja vinaniuma."