Nilidhani Mshtuko wa Moyo ni Kushtuliwa

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nimelibeba kimyakimya, leo nalitua mbele zenu. Nichekeni, lakini nisikilizeni!

Mume wangu ni fundi wa kuchonga milango hapa Langoni. Daktari alimpima, kisha akanigeukia: "Bi, presha yake iko juu. Apunguze chumvi na mafuta, anywe dawa kila siku, ama sivyo atapata mshtuko wa moyo."

Mimi nikashika neno moja tu: mshtuko. Hayo ya chumvi yalinipita kama upepo. Nikajiambia, kumbe dawa yake ni asishtuliwe!

Basi nikaanza kazi. Wanangu nikawakataza mpira uani. Msiba ukitokea kwa jamaa, namficha mpaka matanga yaishe. Jirani yetu, Bwana Kombo, nikamwonya punda wake asilie karibu na dirisha letu. Punda, jamani! Na ili moyo wa mume wangu utulie, nikampikia kila anachokipenda: samaki wa kukaanga, mbatata za karai, achari yenye chumvi ya kuwasha ulimi. Anakula huku ananisifu!

Asubuhi moja, akinywa chai, akashika kifua. Jasho linamtiririka, mkono wa kushoto umekufa ganzi.

"Nani amekushtua?" nikamuuliza.

"Hakuna... Nipeleke hospitali."

Ya Rabbi! Mimi nikatoka mbio kwenda kumgombeza Bwana Kombo.

"Punda gani, Bi?" akashangaa. "Punda wangu yuko mbali kule Wiyoni tangu alfajiri! Mumeo yuko wapi?"

Tuliporudi, alikuwa sakafuni. Bwana Kombo akamtia mgongoni, akakimbia naye vichochoroni akipiga kelele, "Tupisheni ndia! Ndia!"

Alhamdulillahi, hakufa. Lakini daktari alinieleza taratibu: mshipa unaoulisha moyo damu uliziba, na kila dakika ya kuchelewa nyama ya moyo inakufa. Wallahi, nilitamani ardhi inimeze.

Sasa akigonga patasi mara kumi, pumzi zinakwisha. Mlango aliokuwa akimchongea binti yetu kwa harusi yake, aliumalizia fundi mwingine.

"Ulinipenda kijinga," huniambia, anacheka. Mimi sicheki.

Wenzangu, ukitajiwa jina la ugonjwa, usijitafsirie! Muulize daktari maana yake nini, na ugonjwa ukija ufanye nini. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Hii yangu naamka nayo kila siku.