Ngozi Aliyoiweka Earlene

Kama hukutaka kuambiwa ukweli kuhusu mkono wa mwanao, pale Sandy Fork ulishauriwa usipite karibu na karakana ya Dewey Crumpler. Mzee huyo alikuwa fundi wa mashine za kuvunia karanga, na kwa misimu thelathini na mmoja aliwafundisha vijana wa sekondari kurusha mpira, bila malipo. Mpira wenyewe ni ule wa kusini mwa Alabama, wenye umbo la yai, ambao watu wa huko wanaupenda kuliko siasa na karibu sawa na wokovu. Mama mmoja aliwahi kumletea mwanawe pamoja na keki ya siagi, akiamini keki itamlainisha mzee. Dewey alimtazama kijana akirusha mara sita, kisha akamrudishia mama keki yake.

"Mpeleke kwenye bendi," akasema. "Ana kifua kizuri cha tarumbeta."

Watu walinuna, halafu wakacheka, lakini walimheshimu, kwa sababu siku Dewey akikusifu ulijua umesifiwa kweli. Kuhusu ukubwa wa samaki aliodai kuvua aliongopa, na kuhusu kuacha tumbaku aliongopa mara nne. Kuhusu mkono wa mtu hakuongopa hata siku moja.

Kisha akaja Tobin Yancey. Tobin alikuwa kwotabeki wa shule, yaani yule anayepokea mpira kwanza na kuamua aurushe, ampe mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Alikuwa mtu wa shoto, mrefu, mpole hadi anakera. Kabla ya kurusha aliuteremsha mpira mpaka kiunoni, ndipo akauzungusha kuupeleka juu, kama mtu anayechota maji kwenye ndoo na kujimwagia begani. Hakuna mwalimu wa mchezo ule anayekubali jambo hilo, na mara nyingi mpira wake ulitua mahali pasipo na mtu. Lakini zikibaki dakika tano, na Sandy Fork wamezidiwa, Tobin aliinamisha kichwa na kupita nao katikati ya wapinzani kwa nguvu tu, na timu ikashinda. Mara saba mfululizo walishinda hivyo. Kila mechi ikiisha alipiga goti katikati ya uwanja, kofia ngumu pembeni, na juu ya rangi nyeusi aliyopaka chini ya macho ameandika kwa wino mweupe aya ya Isaya.

Mji ukapagawa. Ubao wa nje ya kanisa la Kibaptisti, ambao kwa kawaida hutangaza chakula cha pamoja, ukamtaja shujaa wa Biblia kwa herufi kubwa: EHUDI NAYE ALIKUWA MTU WA SHOTO. Kwenye mkahawa wa kituo cha petroli, wanaume wanaokunywa kahawa pale kila asubuhi walimwandama Dewey.

"Haya Mzee Dewey, saba hizo. Bado mkono haufai?"

"Mkono haufai. Miguu ndiyo inayoshinda."

"Na Mungu je?"

"Mungu simfundishi mimi."

"Msikilizeni Tomaso huyo. Mpeni chai, labda ataamini akishika kikombe."

Walicheka, naye akacheka kidogo. Habari zikafika kanisani. Jumapili iliyofuata Mchungaji Lamar akahubiri juu ya Tomaso kwa dakika hamsini, macho yake yakiwa kwenye benchi la tatu alipokaa Dewey. Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa Sandy Fork mwaka ule: ukiukosoa mkono wa Tobin, umemkosoa Kristo. Mimi naona ni upuuzi, lakini ni upuuzi wa watu ninaowapenda, na wakati ule wengi wetu tulisema amina.

Dewey angeweza kuyavumilia hayo yote. Shida ilikuwa mkewe.

Earlene alimfundisha Tobin shule ya Jumapili tangu ana miaka minne. Mwezi wa nane aligundua uvimbe kwenye titi. Daktari wa mjini alisema wazi: upasuaji kabla ya mwaka kwisha, kisha dawa, na uwezekano wa kupona ni mkubwa; lakini akichelewa, hamwahidi kitu. Lakini mama yake Earlene alipasuliwa akafa, na dada yake mkubwa alipasuliwa akafa, na yeye kila akisikia neno kisu alibanwa na pumzi. Katika mechi ya tano Tobin alichukua kipaza sauti, akawaomba watu elfu nne wasimame wamwombee Bi Earlene. Wakasimama wote, hata mashabiki wa wapinzani, wakavua kofia. Earlene alilia hadi akashikwa mabega na majirani. Jumatano yake, kwenye ibada ya maombi, akaweka ngozi.

Kuweka ngozi ni desturi ya kanisani kwetu, imetoka kwa Gideoni, aliyetandaza ngozi ya kondoo uwanjani ili Mungu ailowanishe kwa umande na kumwonyesha jibu. Mtu husimama, akataja ishara anayoitaka, na kanisa zima ni shahidi. Ukishaiweka huirudishi nyuma.

"Wamesema mkono wa Tobin haufai," Earlene alisema, ameshika mgongo wa benchi la mbele. "Na mimi nimeambiwa mwili wangu haufai. Basi ngozi yangu ni hii. Chuo kikuu kikimchukua Tobin kama kwotabeki, nitajua Bwana ameniponya, na kisu sikihitaji. Naacha vyote mkononi mwake."

Kanisa zima likasema amina. Dewey hakusema, na watu waliona.

Walipofika nyumbani alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti.

"Earlene, umeweka uhai wako juu ya mkono ule?"

"Nimeuweka juu ya Mungu."

"Mungu sijawahi kumwona akirusha. Tobin nimemwona."

"Usinichekeshe, baba. Tangu mwezi wa nane naogopa, usiku na mchana. Leo siogopi. Niachie hiyo tu."

Angefanyaje? Alimpenda mwanamke yule kwa miaka arobaini na miwili. Kesho yake alimwita Tobin karakanani, akamsimamisha mgongo ukigusa ukuta wa mbao, ili kila akiushusha mpira kiwiko kigonge ubao na kumuuma. Akatoa saa yake ya kupimia. Robo tatu ya sekunde tangu mkono uanze hadi mpira utoke. Kwa vijana wa sekondari inatosha. Chuo kikuu, muda huo watu wawili wazito watakuwa wamekwisha kukulalia.

Walifanya hivyo kila siku baada ya masomo, kiwiko cha Tobin kikawa na rangi ya zabibu. Ukutani mkono ulianza kunyooka. Uwanjani ulirudi kulekule.

"Nisamehe, Bwana Dewey," kijana alisema. "Nikiwaona wanakuja, mkono unasahau."

"Wewe usiniombe msamaha mimi. Rusha."

Dewey alijua kitu ambacho hakumwambia yeyote. Mkono ule haukuwa umekufa. Ungehitaji mwaka mmoja wa ukuta, pengine na nusu, na ungenyooka. Lakini mwaka mmoja Earlene hakuwa nao.

Mwanzoni mwa Desemba kocha wa chuo kikuu, Buford Rusk, alifika karakanani mwenyewe, viatu vyake safi vikikanyaga maganda ya karanga. Walijuana zamani. Alikataa kiti.

"Dewey, nimezungukwa. Wachungaji wananipigia simu, mabibi wananiandikia barua. Nimebakiwa na nafasi moja ya kwotabeki. Wewe ndiye pekee usiyeniongopea. Kijana atarusha au hatarusha?"

Dewey alichukua kitambaa akafuta grisi kidole kimoja kimoja. Earlene alikuwa amekonda hata pete imehamia kidole gumba. Tarehe ya mwisho aliyowapa daktari ilikuwa imebakiza wiki tatu. Dewey akafikiri hivi: ngozi ikibaki kavu, ishara imevunjika, na Earlene hatakuwa na pa kushika isipokuwa hospitali. Atalia siku mbili, kisha nitamwingiza kwenye gari.

"Hatarusha," akasema.

"Hata nikimpa muda?"

Hapo ndipo palipokuwa na neno moja, mwaka, na Dewey alikuwa nalo kinywani.

"Mchukue azuie," akasema. "Kwa kuzuia watu hutapata mwingine kama yeye."

Rusk alimshukuru, akapanda gari. Dewey alikaa juu ya tairi la trekta. Kwa mkono wa siku ile, kila alichosema kilikuwa kweli, na ndiyo mara ya kwanza ukweli wake kuhusu mkono wa mtu ulikuwa na hila ndani.

Jumapili Tobin alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba chuo kimemchukua, ila si kwotabeki, atakuwa mzuiaji. Akapiga goti palepale kwenye zulia, akamshukuru Mungu kwa sauti isiyotetemeka. Vichwa vikageuka kimoja kimoja kuelekea benchi la tatu, safari hii si kwa Dewey. Earlene alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani.

Nyumbani alipika kama kawaida, maharagwe na mkate wa mahindi. Dewey aliweka kadi ya daktari kando ya sahani yake.

"Kesho saa mbili asubuhi wanatupokea," akasema. "Nimeshapiga simu."

"Kwa nini?"

"Earlene. Ngozi imebaki kavu. Imekwisha. Twende hospitali."

Earlene alimtazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni yeye.

"Baba, mimi sikuuliza hospitali. Nimemuuliza Bwana kama ataniponya. Amenijibu hapana, na kisu hakiwezi kumpinga."

Dewey alisukuma sahani kando.

"Si yeye aliyejibu," akasema. "Ni mimi. Rusk alikuja karakanani akaniuliza, mimi nikamwambia kijana hatarusha. Mimi, Earlene, kwa mdomo wangu huu. Mungu hayumo kabisa."

Earlene alikata kipande cha mkate, akakipaka siagi, akakiweka kwenye sahani ya mumewe.

"Bwana aliwahi kusema hata kwa mdomo wa punda," akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Dewey alimbembeleza, akamfokea, akamleta Mchungaji Lamar, ambaye sasa alitaka sana Earlene aende hospitali na ambaye maneno yake hayakuwa na uzito tena. Alipiga magoti jikoni, yeye aliyekuwa hapigi magoti mbele za watu. Earlene alimpapasa kichwa. Hakuwa na hasira wala hofu, na hilo ndilo lililomshinda Dewey, kwa kuwa kama angekuwa na hofu, angeweza kumvuta. Krismasi ikapita. Tarehe ya daktari nayo ikapita.

Tobin aliendelea kuja ukutani. Dewey alimwambia hakuna haja tena, mzuiaji harushi, lakini kijana alisema amezoea, na pengine alitaka tu kuwa karibu na nyumba ile. Kitanda cha Earlene kilisogezwa dirishani, akawa anawatazama. Mwishoni mwa Machi Dewey alitoa saa kwa mazoea. Nusu sekunde. Akaamuru tena, mbali na ukuta, huku mwenyewe akimkimbilia kijana na gunia la maganda kifuani. Kidogo chini ya nusu. Mpira ulipita juu ya uzio moja kwa moja, ukizunguka vizuri, ukagonga bango la barabarani alilokuwa amelilenga.

Dewey alitia saa mfukoni. "Nenda nyumbani," akamwambia.

Aliingia ndani akanawa mikono kwa muda mrefu. Earlene alikuwa macho, uso umebaki macho tu.

"Nimelisikia bango likigongwa," akasema. "Dewey, nijibu, maana wewe huongopi mambo haya. Ule mkono usingenyooka, sivyo?"

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Nje Tobin alikuwa anaufuata mpira ng'ambo ya barabara.

"Usingenyooka," akasema.

"Hata ungepewa mwaka?"

"Hata mwaka, mama."

Earlene aliitikia kwa kichwa polepole, ameridhika, akafumba macho. Dewey akamfunika blanketi mpaka mabegani, akabaki amekaa pale, saa ikiendelea kuhesabu mfukoni kwa sababu alisahau kuizima.