Madoa Yasiyoletwa na Sabuni

Saa moja na nusu asubuhi pasi imeshapata moto. Dobi ameketi kwenye stuli, barakoa usoni, kitambaa kimefunika kichwa kisicho na nywele. Anapitisha pasi juu ya kola ya shati jeupe, anatua kidogo kuvuta pumzi, anaendelea.

Mlangoni, mteja wake wa miaka mingi, mama mtu mzima mwenye fuko la mashuka, anamkagua mikono.

"Mbona umetakata, mwanangu! Si nilikwambia ni sabuni tu?"

"Uliniambia, mama," dobi anajibu bila kuinua macho. "Jirani akaniambia ni joto. Muuza dawa akaniambia ni fangasi. Mtaa mzima madaktari, mgonjwa mimi peke yangu."

Yote yalianza na vivimbe mikononi: vigumu, vyekundu vinavyoelekea zambarau, visivyouma wala kuwasha. Kwa mtu anayeshinda mikono ndani ya beseni, mshukiwa alikuwa dhahiri. Akavaa glavu. Akabadilisha sabuni ya unga, kisha akaipunguza mpaka wateja wakarudisha mashati, kola bado chafu. Akamaliza tyubu tatu za dawa ya ngozi. Vivimbe vikaongezeka.

Uchovu nao ulikuwapo, na fizi zilitoka damu kila alipopiga mswaki. Hakumwambia mtu. "Nani asiyechoka?" anauliza.

Aliyekata mzizi wa fitina ni wifi yake, siku alipomfunga zipu ya gauni.

"Wifi, na mgongo nao unafulia?"

"Acha utani wako."

"Utani gani? Vimejaa mpaka kiunoni. Sabuni imerukaje glavu ikapanda huku?"

Hospitalini daktari alikata kipande kidogo cha kivimbe, akaagiza na vipimo vya damu. Majibu: saratani ya damu, ile inayokwenda kwa kasi. Seli zake zilikuwa zimeshajipenyeza kwenye ngozi. Vivimbe vingi vya ngozi si saratani, daktari alimweleza. Ila visivyosikia dawa, vikiandamana na uchovu na kutokwa damu, hupimwa, havikisiwi.

Duru ya kwanza ya matibabu ilimlaza mwezi mzima. Kipimo cha uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, kilichofuata hakikuonyesha seli za saratani, na ngozi ikawa laini. Hapo kero mpya ikaanza. Daktari anasema zimebaki duru tatu, kwani ugonjwa huu hujificha na kurudi. Mtaa unasema amepona.

"Sasa unarudi huko kufanya nini?" mteja anauliza. "Dawa zenyewe zitakumaliza."

Dobi anaisimamisha pasi.

"Ngozi haikunidanganya, mama. Tuliisoma vibaya sisi. Mnataka tuisome vibaya tena? Weka mashuka hapo, atayafua wifi. Mimi nataka nizeeke, niwe mbishi kama wewe."

Mteja anasonya, kisha anacheka. Mashuka anayaacha.

Jumatatu iliyofuata dobi alilazwa tena. Muuguzi aliupata mshipa kwa jaribio la pili. Saa tano kasorobo asubuhi, dawa ilianza kushuka.