Chai ya Asali Kwenye Kichupa cha Mkojo

Hili nimelificha hata kwa mke wangu, na nawasimulia kwa kuwa mmeshazoea aibu zangu. Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu Titye, kule Kasulu, mgeni kutoka Lindi, Kiha sikijui, naishi peke yangu kwenye nyumba ya walimu ambako jioni nilikuwa nasahihisha madaftari kwa sauti ili nisikie mtu akiongea (msicheke). Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, viatu haviingii, sikumwambia mtu.

Basi wakaja wapimaji wa figo pale zahanati, watu wazima wote tupimwe presha, damu na mkojo. Nikapewa kichupa niende nacho chooni, nami nikaamua kwamba sitaki kujua, maana nikiambiwa naumwa nani atanipikia uji, nikapitia nyuma hadi nyumbani, nikamimina chai iliyobaki asubuhi, nikaizimua kwa maji mpaka rangi ikafanana, nikarudi. Nilichosahau ni kwamba chai yangu natia asali.

Muuguzi, dada Editha, akachovya karatasi yake ya kipimo, akaitazama, akachovya nyingine.

"Mwalimu, sukari imepanda mno. Unakwenda Kasulu mjini sasa hivi. Ndugu yako nani, tumwite?"

Nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Foleni nzima ikanigeukia, nusu yao wazazi wa wanafunzi wangu. Akauliza tena, ndipo jirani yangu Mama Zabroni, ambaye siku zote tulikuwa tunasalimiana tu, akainuka kwenye benchi na kujifunga kanga yake vizuri.

"Nakwenda naye mimi. Huyu hana mtu."

Kuchekwa ningevumilia, lakini hilo lilinishinda.

"Ni chai," nikasema mbele ya wote.

"Chai gani?"

"Ya asali, dada."

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Editha hakucheka, akanipa kichupa kingine na kusimama mlangoni mwa choo kama msimamizi wa mtihani. Safari hii akakuta protini nyingi, na presha iko juu. Figo zimeanza kuchoka, akasema, ila ni mapema, kwa dawa na kupunguza chumvi zitalindwa. Mama Zabroni akanisindikiza mjini vilevile, na njia nzima hakunitajia chai.

Kudanganya kipimo sirudii tena. Ningetia maji matupu siku ile ningefaulu, na wote wangenipongeza huku figo zikizidi kuchoka.